Ombi la Kuunganisha Hodi na Karibu

Ilomba, Mbeya
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Atupele,

Nimekuficha mambo mawili kuhusu wimbo wa Hodi. La kwanza nimelificha tangu kabla hujazaliwa, na sikukuficha wewe tu, nimewaficha watu wengi. La pili nimekuficha wewe peke yako, kwa miaka miwili, tangu siku aliyofariki mama yako. La kwanza naweza kuliandika sasa hivi: wimbo wa Hodi sikuutunga mimi. Aliutunga mama yako. La pili nitalifikia. Nimekaa mezani tangu ulipotoka kwenda kuwaaga watu wa kanisani, na najua huko hawatakuachia mapema, kwa hiyo muda ninao.

Mambo ya safari sitayagusa. Ndoo, shuka, vyeti vya kuripoti kwa afisa elimu, namna ya kuficha simu ukiwa stendi, shangazi yako amekwambia yote hayo mara tatu, na mara ya nne akanipigia mimi ili nikwambie. Nami nimekaa ualimuni miaka thelathini na minne. Najua kwamba mwalimu mpya hafundishwi kazi na barua ya baba yake. Utafika Kondoa, utapewa chaki na darasa lililojaa, na utajua la kufanya au utalikosa kama sisi tulivyolikosa.

Nyumba imekuwa kimya leo kana kwamba umeshaondoka. Nimezoea kusikia kandambili zako kutoka jikoni hadi uani, na sasa nasikia bati likidondosha ukungu, tone moja moja. Mama Gwamaka wa jirani ameahidi kuja asubuhi na jioni. Ni mwema, ila anaongea nami kwa sauti ya juu kana kwamba ninachougua ni masikio. Daktari alituambia sote wawili ni moyo, na tulipotoka mle ndani tukaongea habari za bei ya viazi hadi nyumbani. Uliomba kuchelewa kuripoti, ukapewa wiki mbili. Hizo wiki mbili ndizo nilizokuwa nazo za kukwambia kwa mdomo. Kila siku nilisema kesho, na kesho imeisha.

Nianze na lile ombi letu.

Unakumbuka tulivyowaandikia wenye programu ya muziki? Ulikuwa umekaa kitandani kwangu na simu, mimi ninasema, wewe unaandika.

“Andika juu, katikati, kwa herufi kubwa,” nikasema. “YAH: OMBI LA KUUNGANISHA NYIMBO MBILI ILI ZISITENGANISHWE.”

“Baba, huku hakuna Yah.”

“Barua isiyo na Yah watajuaje inahusu nini?”

“Ni kisanduku tu. Kina nafasi ya herufi mia tano, basi.”

“Mia tano pamoja na nafasi za katikati?”

“Baba, jamani! Pamoja na kila kitu.”

“Basi hata Mkurugenzi wa Elimu hakunibana hivyo.”

Ulicheka mpaka ukalala chali. Ndiyo mara ya kwanza kukusikia ukicheka tangu msiba, nikajifanya nimekasirika ili uendelee. Ukaanza kunikata maneno. Uliondoa salamu, ukaondoa “kwa heshima na taadhima”, na kilichobaki kilikuwa hivi: tunaomba muweke namna ya kufunga wimbo mmoja na mwenzake, ili hata mtu akichanganya orodha yake ya nyimbo, wa kwanza ukipigwa, wa pili ufuate papo hapo. Zipo nyimbo ambazo ni wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Anayesikia kipande kimoja anaachwa mlangoni.

Sentensi ya mwisho ulitaka kuikata. Ulisema hawataielewa. Nikakuomba uiache.

Jibu lilikuja kwa Kiingereza, asante kwa maoni yako, tumeyafikisha panapohusika. Nimeyaandika majibu ya namna hiyo kwa wazazi wa wanafunzi, najua maana yake. Lakini baadaye ulinionyesha kwamba watu wa nchi nyingine wanaomba kitu kile kile. Mmoja ana utangulizi wa ala na wimbo wenyewe, vimekatwa. Mwingine anasema hivyo hivyo, ukichanganya unapata mkia bila ng'ombe. Nilifurahi kujua kwamba kuna watu mahali fulani wamekaa wanangoja nusu ya pili kama mimi.

Ukaniuliza kwa nini nang'ang'ania. Ulisema yule kijana wa kompyuta pale sokoni anaweza kuzishona Hodi na Karibu ziwe kitu kimoja, nizisikilize zangu mwenyewe, kwisha. Nikakataa. Nikakujibu kama mwalimu wa muziki. Nikasema Hodi inaishia kwenye “so”, haijatua, na Karibu inaanzia kwenye “do”, kwa hiyo zikiachana sikio linaumia. Hiyo ni kweli. Ni kweli kama vile mtoto anavyokwambia hakuja shule kwa sababu mvua ilinyesha, na kweli mvua ilinyesha.

Sasa nikwambie wimbo ulivyotoka.

Nilipomfahamu, mama yako alikuwa mchuma chai huko Mufindi. Alikuwa ametoka Tukuyu akiwa msichana, akafikia kwa shangazi yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nyololo, na Jumamosi na Jumapili mwalimu wa kwaya ya usharika. Alikuja kujiunga na kwaya akiwa na matope mpaka magotini, akakaa mwisho wa benchi la sauti ya pili. Jina lake Sekela. Nilimpanga katikati kabla hata ya wimbo kwisha.

Tulioana bila ridhaa ya babu yako. Hakutaka binti yake aolewe na Mhehe asiyejulikana nyumba yake, na sisi hatukuwa na subira ya kungoja wazee wakae. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama yako alikwenda peke yake kuomba radhi. Nilitaka kumsindikiza, akasema, “Wewe ukionekana tu, mlango unafungwa.” Akafika kwao mvua ikinyesha, akasimama kibarazani, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Ndani akasikia baba yake akikohoa, kikohozi anachokijua tangu utoto. Akapiga ya tatu. Unajua desturi yetu, hodi tatu zisipoitikiwa, unaondoka; ukipiga ya nne unakuwa unalazimisha. Akaweka kitenge na sukari aliyoleta pale mlangoni, akarudi barabarani kusubiri gari.

Aliponisimulia hakulia. Aliniuliza tu kama kuna chakula.

Baada ya kama mwezi, tukiwa tunapukuchua maharage, akaniita. Aliniita Mwalimu siku zote, hata tukiwa wawili.

“Mwalimu, nisikilize kidogo. Usinicheke.”

Akaimba. Watu wako mlangoni, wanabisha hodi mara tatu, kila mara sauti inapanda: wametoka mbali, miguu ina umande, wenye nyumba mpo? Hodi ya tatu ikabaki juu, haikushuka. Akanyamaza pumzi moja. Kisha sauti moja tu, ya chini, ikajibu kutoka ndani: karibu, mlango haukufungwa, ingia, chai bado ina moto.

Nikamwuliza, “Huu wa nani?”

“Wa huko huko chaini. Nikichuma unakuja.”

Nilikuwa nimesomea muziki chuoni, mwanangu. Nilikuwa na daftari mbili za nyimbo nilizotunga, na katika daftari zote mbili hakukuwa na kitu kama kile. Nikachukua penseli, yeye akaimba tena taratibu, nikaandika nota, do re mi, kwa sauti zote nne. Nilipomaliza nikaandika jina langu juu kulia.

Lazima uelewe ilivyokuwa, si kwa kunitetea. Katika kwaya zetu, aliyeandika nota ndiye aliyeitwa mtunzi. Mwanakwaya analeta maneno, mwingine analeta kipande cha sauti alichokiota, mwalimu anaandika nota, na wimbo unakuwa wa mwalimu. Walimu wote niliowajua walifanya hivyo na hakuna aliyeona vibaya. Mama yako alikuwa ameegemea bega langu akitazama karatasi.

“Hapo ndipo anapoandikwa mwenye wimbo?” akauliza.

“Anaandikwa mwalimu,” nikamjibu.

Akasema, “Haya,” akarudi kwenye maharage yake.

Unaenda kufundisha watoto. Siku moja mtoto atakuletea kitu kilicho bora kuliko chako, na atakileta kwa mikono miwili kwa sababu anakuamini. Sina la kukuagiza kuhusu siku hiyo. Nakwambia tu kwamba itakuja bila kelele, utakuwa na penseli mkononi, na itachukua muda mfupi sana.

Tulikwenda kurekodi Iringa mjini. Kwaya nzima ilipanda nyuma ya lori kutoka Nyololo, tumejifunika maturubai kwa baridi, na tulipofika sauti ya nne wote walikuwa na makamasi. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichotundikwa magodoro ukutani. Zamani zile mtu mmoja akikosea mnarudia wimbo wote. Hodi tuliirudia mara mbili. Mara ya tatu ikaenda vizuri, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, pumzi, na mama yako akaanza kujibu peke yake. Akafika mwisho, pale tulipozoea kuishia, akaongeza mstari ambao hatujawahi kuufanyia mazoezi. Aliimba: “Ni mimi Sekela, nimekufungulia.”

Fundi wa mitambo akavua vile vitu vya masikioni akacheka kwa furaha. “Mwalimu, huyu mama ametia chumvi! Tuache hivi hivi?”

Nilimtoa nje mama yako.

“Jina lako limeingiaje mle?”

“Limetoka lenyewe.”

“Wimbo ni wa kwaya, Sekela.”

“Sawa, Mwalimu. Ni wa kwaya.” Akafunga kanga yake vizuri. “Ila anayefungua mlango lazima aseme yeye ni nani. Mtu ataingiaje kwa asiyemjua?”

Miaka yote nimewaambia watu, na wewe nimekwambia, kwamba fundi ndiye aliyeukata wimbo kwa sababu redio hazipigi wimbo mrefu. Si kweli. Fundi alinisihi nisiukate. Alisema, “Mwalimu, ukikata hapo unawaacha watu nje.” Mimi nikasema zitakuwa nyimbo mbili. Hodi nikaiweka mwanzo wa upande wa kwanza wa kaseti. Karibu nikaiweka mwisho kabisa wa upande wa pili, mahali ambapo kwenye kaseti nyingi mkanda uliisha kabla ya wimbo kwisha. Nilijua mkanda utaisha. Ule mstari wa jina ndio uliokuwa wa mwisho.

Hodi ikapendwa. Unajua mwenyewe. Redio ziliipiga asubuhi, makanisa yakaiimba, nikaitwa kufundisha semina za walimu wa kwaya, na nadhani hata uhamisho wa kuja Mbeya mjini ulitokana nayo. Nikipita Nyololo watu walinisalimia, “Kamwene, Mwalimu wa Hodi!” Siku moja tulikwenda Rujewa kununua mchele, mwenye mashine ya kukoboa akazima mashine yake, foleni nzima ikingoja, ili aje anishike mkono. “Wewe ndiye? Mwenyewe kabisa?” Nikasema ndiye. Mama yako alikuwa kando yangu ameshika mdomo wa kiroba. Yule bwana hakumpa hata mkono. Tukiwa njiani kurudi nilitegemea atasema kitu. Akasema mchele wa Rujewa unanukia vizuri.

Hakunilaumu hata siku moja. Alifanya kitu kimoja tu. Kila redio ilipopiga Hodi, na hodi ya tatu ikabaki hewani, na mtangazaji akaanza maneno yake, mama yako alisema “Karibu” kutoka alipokuwa. Jikoni, uani, kitandani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anamjibu mtu. Wewe ukiwa mdogo ulidhani ni mchezo, ukawa unakimbia kufungua mlango.

“Mama, hakuna mtu!”

“Yupo. Hajaitikiwa tu.”

Nawe ulikaa pale kizingitini ukiangalia nje, umemshikia mlango. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Niliusoma ukurasa ule ule mara nyingi sana, Atupele.

Kaseti zikaisha, redio zikahamia kwenye nyimbo nyingine, nikadhani mambo yamekwisha. Kisha mwanawe yule fundi akazipandisha nyimbo zote za studio ya baba yake mtandaoni, na wewe ukazikuta. Ulikuja mbio na simu. “Mama, upo humu! Upo kwenye simu!” Hodi ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, Karibu ya mwisho, jina langu chini ya zote. Ukamwekea simu kando ya mto wake, kwa sababu wakati huo kifua chake kilikuwa kimeshambana na hatoki. Jumapili moja ukanifundisha na mimi, kwa subira, kama ninavyofundisha darasa la kwanza. Hapa pa kuanzisha. Hapa pa kusimamisha. Na hii mishale miwili inayopishana, ikiwaka, simu inazichanganya nyimbo inavyotaka yenyewe. Ikizimika, zinafuatana kama ulivyozipanga. Ulinifanya nirudie mpaka nikapata.

Siku nne baadaye wakaja wageni kutoka Nyololo kumwona mgonjwa. Watatu, wote wa ile kwaya ya zamani, na Mzee Kihwele aliyekuwa akiimba besi ndiye aliyewaongoza. Asubuhi ile mama yako alikuwa amekwambia, “Niwekee wimbo. Ila wote, mzima.” Maneno hayo mawili ya mwisho aliyasema akiwa ananiangalia mimi. Ukazipanga Hodi na Karibu zifuatane, ukamwambia, “Mama, tayari.” Wageni walipokaa ukauanzisha wimbo, ukaiweka simu kwenye stuli kati ya kitanda na kiti changu, ukaenda jikoni kuchemsha chai.

Hodi ya kwanza ikapita. Mzee Kihwele akatikisa kichwa.

“Mwalimu, Mungu alikupa kitu. Hivi ulikuwa wapi ulipoutunga huu?”

Mama yako akafumbua macho akaniangalia. Hakuwa na hasira. Kuna mwanafunzi anayejua jibu lakini hanyooshi kidole; anakutazama tu, anangoja umwite jina. Aliniangalia hivyo. Na mimi, mbele ya wageni watatu, nilijibu, “Nilikuwa Nyololo.”

Nilijua kinachofuata. Baada ya hodi tatu ingekuja sauti yake, na baada ya sauti yake ule mstari, na Mzee Kihwele alikuwepo studio siku ile.

Hodi ya tatu ikapanda, ikabaki. Pumzi moja. Kisha zikalia ngoma za wimbo wa harusi.

Mama yako aligeuza kichwa kuelekea kwenye simu. Hakuwa na pumzi ya kujibu mwenyewe kama alivyozoea. Aliuliza, “Hajajibu?”

Ndipo ulipoingia na chupa ya chai. “Jamani, imechanganya! Nilisahau kuzima!” Uliweka chupa chini, ukashika simu, vidole vina maji, kioo hakikusikii, ukavifuta kwenye gauni, mtandao nao ukazunguka na kuzunguka. Ulipoipata Karibu, mama yako alikuwa ameshaondoka. Ikaimba yote mle chumbani. Mstari wa jina lake ukapita, na kila mtu alikuwa analia, na hakuna aliyeusikiliza.

Jioni yake uliniambia, “Baba, mimi ndiye niliyemnyima mama karibu yake.”

Nami nikakujibu. Naandika nilivyosema, bila kupunguza: “Ndiyo hizi simu zenu, mwanangu.”

Tangu hapo nimekuona. Uliacha kwaya. Ukipewa simu ya mtu yeyote ipige muziki, macho yako yanakwenda kwanza kwenye ile mishale. Mwaka jana ulipokuwa na homa uliweweseka ukisema nimeizima, nimeizima. Nilikuwa nakukanda kwa kitambaa, nikakusikia, nikabadilisha maji. Na siku ile tulipotuma ombi, ukishacheka, kidole chako kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu, ukasema, “Isimtokee mtu mwingine, baba.” Nilitaka kuongea. Badala yake nikauliza kama umeacha ile sentensi ya mlangoni.

Sababu yangu ya kuomba vile haikuwa sikio. Nilitaka kuwe na kitu duniani kinachoshikilia nyimbo mbili zisiachane, hata aliyeshika simu awe mtu mwoga. Kitu hicho kingekuwepo mapema, mambo yangekwenda vingine. Ndiyo maana sikumtaka kijana wa sokoni. Angenishonea mimi, na mimi sistahili kushonewa.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya nota, ile ile ya penseli. Jina la juu kulia nimelikata kwa kalamu nikaandika Sekela. Ukipata nafasi mwandikie mwanawe fundi abadilishe na kule mtandaoni, na mpelekee Mzee Kihwele nakala. Gari lako litapita Nyololo kesho kabla ya saa sita. Huna haja ya kushuka, tuma tu. Mimi sitakuwa na uso wa kumpelekea, na huenda sitakuwa na muda.

Sikuombi unisamehe. Ungeanza kazi mpya na mzigo mwingine wa kubeba, wa kuamua kama baba amesamehewa au hapana, na wa kwako tayari nimekubebesha miaka miwili. Ukitaka kukaa bila kunipigia, kaa. Nitajua umeisoma. Chai ya Mama Gwamaka nitakunywa, dawa nitameza, usiku nitalala upande wa dirisha kama ulivyonipangia.

Nakusikia nje. Unaongea na Mama Gwamaka langoni, anakupa mahindi ya kuchoma ya njiani na wewe unayakataa kwa adabu, naye hasikii. Sasa hivi utafika mlangoni. Tangu mama yako afariki hujawahi kuingia nyumba hii bila kupiga hodi, hata ukijua nipo peke yangu, na mimi nimekuwa nikikuitikia kila siku nikiwa nakuficha hili. Kabla hujabisha, acha niliandike.

Siku ile hukusahau kuizima ile mishale. Ulikuwa umeizima asubuhi, niliona mwenyewe. Hodi ya pili ikiwa inaimbwa, Mzee Kihwele akiwa ananisifu na mama yako akiwa ananiangalia, nilinyoosha mkono kwenye stuli nikaiwasha mimi.